Jinsi ya kuanzisha kundi la watu wenye tofauti usoni Lamu, na kulifanya lisikike

Mwongozo huu nauandikia mtu wa Lamu mwenye kovu la moto usoni, au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au mwenye baka, mbalanga, uvimbe wa taya, jicho lililotolewa, upande wa uso uliopooza. Nauandikia pia mzazi wa mtoto wa namna hiyo. Mimi ni mmoja wenu: kovu langu linaanzia chini ya jicho mpaka shingoni, na nimekuwa nalo tangu utotoni.

Ninaloliamini ni hili. Daktari anaweza kufunga jeraha, lakini nafasi ya mtu mbele za watu hairudishwi na daktari. Huirudisha wenzake, wakionekana pamoja, na wakidai jambo moja linaloeleweka kwa ofisi yenye uwezo wa kulitoa. Katika mji huu ambao watu wawili wakikutana kichochoroni mmoja huegemea ukuta ili mwenzake apite, kujificha ni kazi ya kutwa. Nguvu hiyo ina matumizi bora.

Hatua ya 1: Mpate mwenzako wa kwanza

Usianze na mkutano. Anza na mtu mmoja, na usimsimamishe njiani kwa sababu ya uso wake, hata kama wako ni kama wake. Ameshasimamishwa vya kutosha. Pitia kwa wanaoaminiwa: muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba, wakunga, maalim wa chuo cha Qurani. Usimwombe muuguzi jina wala nambari ya mgonjwa, maana hana ruhusa ya kukupa. Mwachie nambari yako yeye, aifikishe, na mwenyewe aamue.

Ujumbe wa kuacha uwe mfupi: "Naitwa fulani, nakaa Langoni. Nina kovu la moto usoni. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye ambaye hatakuuliza uliungua vipi, nipigie." Wanawake wapelekewe na wanawake. Walio Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga waanze kwa simu. Hakuna haja ya kumsafirisha mtu kabla hajaamua kama anakutaka.

Msichaguane kwa chanzo. Aliyezaliwa hivyo, aliyeunguzwa na jiko la mafuta taa, aliyemwagiwa tindikali, aliyekatwa taya kwa sababu ya uvimbe, mwenye ualbino, wote wanajua kukodolewa macho dukani na kurukwa wakati wa kuposa. Lakini mjue kwamba safari zao si moja. Aliyezaliwa hivyo hajawahi kuwa na uso mwingine. Aliyeungua akiwa na miaka 30 anaomboleza uso aliokuwa nao. Wa kwanza akimwambia wa pili "utazoea", amemfunga mdomo. Muachieni nafasi alie.

Hatua ya 2: Kikao cha kwanza

Boti za kutoka Pate na Faza hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika vyema maji yakijaa. Kwa hiyo angalia mwezi na saa za maji kabla ya kutangaza saa ya kikao, la sivyo wa visiwani watafika mmeshamaliza au watakwama huku usiku. Kwa walio mjini, baada ya Alasiri panafaa.

Mahali pawe ndani ya nyumba ya mmoja wenu, si hospitalini. Hospitalini kila mtu hugeuka mgonjwa tena. Pawe na chai, mahamri, na mtu wa kuwaangalia watoto. Sharti moja la siku hiyo: hakuna anayemuuliza mwenzake "ulipatwa na nini?" Atasimulia akitaka, na asipotaka kamwe, bado ni mwenzenu.

Kisha fanyeni zoezi la maneno. James Partridge, Mwingereza aliyeungua uso katika ajali ya gari mwaka 1970 akiwa na miaka 18, alianzisha shirika la Changing Faces mwaka 1992, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu namna ya kukutana na macho ya wengine. Msingi wake ni mwepesi kuuelewa: anayekukodolea macho mara nyingi hajui aseme nini, na ukiwa na maneno tayari wewe ndiye unayeyaendesha mazungumzo. Kaeni wawiliwawili, mmoja awe muuza maembe, mwingine mnunuzi. Muuzaji aulize kuhusu uso. Mnunuzi ajibu: "Kovu la moto, tangu mdogo. Haya, maembe haya ni vipi?" Jibu fupi la kweli, kisha biashara. Rudieni mpaka sauti iache kutetemeka. Mtoto wa shule naye apewe la kwake: "Nilizaliwa hivi. Twende tukacheze."

Msifanye jibu hilo kuwa wajibu. Mtu ana haki ya kusema "sitaki kulizungumza" na kuendelea na njia yake.

Hatua ya 3: Tokeni pamoja

Baada ya vikao vichache vya ndani, tokeni. Kaeni Mkunguni, mbele ya Ngome, jioni, mnywe kahawa. Hamna bango, hamna fulana. Watu watatazama, kisha watachoka kutazama, na huko kuchoka kwao ndiko mnakokutafuta. Rudini wiki inayofuata. Sijui harakati nyingine yenye gharama ndogo na faida kubwa kama hii. Mtoto aliyemwona mzee mwenye taya iliyokatwa akicheka na wenzake barazani atamtazama mwenzake wa darasani kwa jicho jingine.

Kwa wanawake jambo lina upande wake. Anayevaa ninja, yaani nikabu, njiani anaweza kupita asijulikane, na wengi wetu tumepumzikia humo. Lakini arusini, ndani, kati ya wanawake wenzetu, uso hufunuliwa, na hapo ndipo tunapoacha kwenda. Tunatoa udhuru wa kichwa kuuma, wa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kundi la wanawake lianzie hapo: mmoja akialikwa, waende watatu. Wakae mbele, wapambwe kama wengine, wacheze. Sitaki mtu yeyote aambiwe avue ninja yake ili apigwe picha ya kampeni. Vilevile sitaki msichana avalishwe na jamaa zake ili aibu isionekane. Mavazi yake ni baina yake na Mola wake.

Hatua ya 4: Picha

Hili liamuliwe mapema, maana wageni wanaipenda Lamu kwa kamera. Uso wa mtu ni taarifa zake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi akubali. Nyinyi muende mbele zaidi ya sheria: picha isitoke mpaka mwenyewe ameiona, amejua itawekwa wapi, na amesoma au kusomewa maneno yatakayoandikwa chini yake. Akibadili nia, iondolewe.

Picha za kabla na baada ya upasuaji huwapa wafadhili moyo wa kutoa, na zimesaidia watoto wengi kupata matibabu. Lakini zinamfundisha anayezitazama kwamba uso wa kwanza ulikuwa msiba. Mtoto wa pichani atakua. Ataiona akiwa na miaka 17, na wenzake wataiona pia. Mimi ningekataa, na ningempa mfadhili picha ya mtoto akisoma au akipanda punda.

Hatua ya 5: Mjisajili

Hapa ni karatasi tu. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii na orodha ya wanachama, nakala za vitambulisho, kumbukumbu za kikao mlichochagua viongozi, na katiba yenu ya kundi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasitoke nyumba moja. Cheti kikitoka, fungueni akaunti yenye waweka saini zaidi ya mmoja.

Mkiwa chini ya kumi, endeleeni bila cheti. Kunywa kahawa Mkunguni hakuhitaji cheti.

Hatua ya 6: Mfikieni mama kabla ya arobaini kwisha

Kama kundi litakuwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, ningelichagua hili.

Duniani, mtoto mmoja hivi katika kila 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Mama yuko ndani, bado yumo katika arobaini, na wageni wanaingia na maswali yao: ulikula nini, ulimcheka nani, ulitoka nje mwezi ulipopatwa? Wengine wanasema ni husda au jini. Mume yuko kimya. Siku hizo chache huamua mama atamwonaje mtoto wake kwa miaka mingi.

Mtu wenu mmoja aingie humo, ikiwezekana mama mwenye mtoto kama huyo aliyekwishakua, afuatane naye. Asiende na hotuba. Ambebe mtoto, ambusu, amwite kwa jina lake. Kisha amweleze mama ukweli ambao utamtua mzigo: mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa. Ni wakati ambao wanawake wengi bado hawajajua kwa hakika kuwa wana mimba. Uliyemcheka mwezi wa sita hahusiki. Kupatwa kwa mwezi hakuhusiki. Mkwe naye aelezwe akiwa amekaa hapo hapo. Akielewa yeye, nyumba nzima imeelewa.

Halafu chakula, maana hili haliwezi kungoja. Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hushindwa kunyonya kwa nguvu, na hewa huingia pamoja na maziwa. Mama akamue, amnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa ameinuliwa karibu wima ili maziwa yasipitie puani, kidogo kidogo, na amcheulishe mara nyingi. Uzito upimwe kliniki mara kwa mara. Mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe mara moja, siku hiyo hiyo.

Upasuaji wa mdomo kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na miezi mitatu na kuendelea, akiwa na uzito na afya ya kutosha. Kaakaa hufuata baadaye, mara nyingi kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, kwa sababu usemi unakuja. Smile Train, shirika lililoanzishwa mwaka 1999, hulipia upasuaji huu katika hospitali linazoshirikiana nazo nchini, bila mzazi kutozwa. Hospitali ya kaunti ya King Fahd iulizwe njia ya rufaa. Familia iwe imejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa sababu vipo vipimo na magonjwa mengine njiani. Baadhi ya watoto wataendelea kuhitaji mafunzo ya kutamka hata baada ya kaakaa kufungwa, na mzazi ajue hilo tangu mwanzo asije akadhani upasuaji umeharibika.

Kwa mtu mzima mwenye kovu, kundi liwe na habari za matibabu na msindikizaji wa kwenda naye. Lakini anayesema "uso wangu unanitosha" asibembelezwe. Kundi halipo kwa ajili ya kuwapeleka watu kisuni.

Hatua ya 7: Jifunzeni vifungu vinne

Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinaeleza ulemavu kwa namna ambayo wengi hawajaisoma. Kinagusa hali ambayo ina athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za mtu za kila siku, *au ambayo sehemu kubwa ya jamii inaiona hivyo*. Someni tena. Mikono yako inafanya kazi, macho yanaona, lakini jamii ikikuchukulia kuwa huwezi kusimama kaunta ya duka kwa sababu ya uso wako, Katiba inakutambua. Uingereza walifikia jambo hili kwa njia nyingine: Sheria ya Usawa ya 2010 inahesabu kuharibika vibaya kwa sura kuwa ulemavu, bila mtu kulazimika kuthibitisha kwamba anashindwa kazi.

Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Cha 37 kinatoa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa mamlaka. Katika ajira iko Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5. Na kuna Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Katibu awe na nakala. Si kila mwanachama atataka kujiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, na asilazimishwe. Yupo anayejiona mlemavu na yupo asiyejiona. Haki ya kutobaguliwa wanayo wote wawili.

Watu wenye ualbino wametangulia, na inafaa tujifunze kwao. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza nchini, wakawa 9,729. Wanapata mafuta ya kukinga jua bila malipo kupitia Baraza. Hayo hayakuja kwa huruma. Walijipanga, wakadai kuhesabiwa, wakadai kitu kinachoweza kununuliwa na kuwekwa kwenye bajeti.

Hatua ya 8: Daini jambo moja

Barua inayosema "tunaomba mtusaidie" haina wa kuijibu. Andikeni hivi: "Tunaomba nauli ya boti ya mtoto mwenye mdomo uliopasuka na mzazi mmoja, kutoka kisiwani kwake hadi hospitali ya rufaa na kurudi, iwekwe katika bajeti ya afya ya mwaka ujao." Afisa anaweza kukubali au kukataa, lakini hawezi kusema hakuelewa.

Muda ni nusu ya kazi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukienda Mei na ombi jipya, umechelewa. Nendeni kabla ya Septemba, na mrudi Februari kuangalia kama bado limo. Kwenye vikao vya maoni ya wananchi kaeni safu ya mbele, asome mmoja, na mwandishi wa kikao aandike. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwa kaunti. Pelekeni nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, irudi kwa katibu. Bila muhuri huo, baada ya miezi mitatu mtaambiwa barua haikufika.

Mkitaka kuandamana, mjulisheni mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, na maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Hatua ya 9: Msikitini, chuoni, shuleni

Lamu ina wasikilizaji wengi zaidi Ijumaa kuliko katika kikao chochote cha kaunti. Mwendeeni khatibu mapema wiki, wazee wawili na kijana mmoja, kwa adabu. Msimwombe hotuba ya huruma. Mwombeni aifafanue aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kuwadharau wengine ambao huenda ni bora kuliko wao, na kuitana kwa majina ya kejeli. Na ipo hadithi katika Sahihi Muslim kwamba Mwenyezi Mungu haangalii sura zenu wala mali zenu, bali nyoyo zenu na matendo yenu. "Ustadh, watoto wetu wanaitwa majina haya chuoni, na maalim anasikia." Sentensi hiyo inatosha. Yeye na nyinyi mnajua Qurani inasema nini.

Shuleni, nendeni muhula uanzapo, kabla mtoto hajaingia darasani. Mwalimu aelezwe jambo lenyewe, na mtoto aulizwe kama anataka wenzake waelezwe au la. Jina la kejeli likianza, lizuiwe wiki ya kwanza. Likifika mwezi wa pili limeshakuwa jina lake.

Redio na siku maalum

Mwezi Mei kuna wiki ya kimataifa ya usawa wa nyuso, inayoongozwa na Face Equality International, muungano ulioanzishwa mwaka 2018. Juni 13 ni siku ya ualbino, Juni 25 ya mbalanga. Redio hutafuta wageni siku hizo, basi wapeni. Ila msikubali kipindi ambacho daktari anazungumza dakika 40 na nyinyi mnaulizwa mwishoni mnajisikiaje.

Kundi lisife

Makundi mengi ya kwetu hufa na mwenyekiti wake. Uchaguzi uwe kila mwaka, na vijana wapewe ukatibu wangali vijana. Majalada yawe na nakala katika nyumba mbili, moja mjini na moja kisiwani. Pesa za mfadhili anayetaka picha za watoto zirudishwe. Michango ya wanachama ianze na nauli za wa visiwani, kwa sababu wasipofika wao, ni kundi la mtaa mmoja. Anayehamia Mombasa abaki mwanachama, na nambari yake ibaki kwa katibu, maana mama atakayempeleka mtoto kupasuliwa huko atahitaji mahali pa kulala na mtu wa kumpokea kituoni.